Raba za Velma

"Velma alitoroka," bosi aliniambia bandarini Jeddah kabla sijauliza. "Tulikuwa kwenye magofu ya Wagiriki. Kugeuka, hayupo. Halas, yamekwisha."

Walikuwa wamekwenda bosi, madam, watoto na Velma, yaya wao, siku kumi na mbili melini, kuzunguka Mediterania wakitazama miji ya kale. Sasa walirudi na mizigo yote. Sanduku la Velma pia.

Nilipoliinua kulitia kwenye buti la gari, zipu mbovu ilifunguka. Zikaanguka ndala zake, kisha raba nyeupe.

Raba nilimnunulia mimi, kwa sababu madam alisema mawe ya huko yanateleza. Hakuwa na viatu vingine ila ndala hizo. Raba alizijaribu jikoni akicheka. "Zitakanyaga walipokanyaga wafalme, mzee. Nikirudi, wewe ndiye utanipigia saluti."

Niligeuza raba moja. Soli ilikuwa safi. Kibandiko cha bei kilikuwa bado chini ya kisigino.

Madam alitazama baharini.

"Bosi," nikasema, "huko kwenye magofu alitoroka na viatu gani?"

 Aliichukua raba mkononi mwangu, akairudisha sandukuni pamoja na ndala, akaivuta zipu polepole.

"Ikama yako ya kukaa nchini inaisha mwezi gani?"

"Wa sita, bosi."

"Basi yalla, endesha."

Nikafunga buti. Ile raba nyingine nilikuwa nimeshaisukuma nyuma ya tairi la akiba.