Ngoma ya Mtu Mmoja

"Masharti ya mtihani wa digrii yamebadilishwa," alisema mwalimu wa muziki, chuoni Mbarara. "Wa tarumbeta, wa ngoma, kila mtu sasa anapiga peke yake."

Rénovat, mtahiniwa wa ngoma, alitoka nje kuwaambia wenzake, waliokuja naye kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale na ngoma zao. "Bandugu, chochote mutasikia, musijibu."

Akarudi, akapiga mwito wa kiongozi kama walivyoupiga Burundi. Kisha mikono yake ikasimama yenyewe hewani, ikingoja kundi liitikie.

"Umesahau?" mwalimu aliuliza.

Hakuwa amesahau. Hakujua tu namna ya kuendelea bila kuitikiwa.

Mwalimu akafunika kalamu yake bila kuandika alama.

Chini ya dirisha, wenzake walikuwa wameinua fimbo zao, kimya, kama alivyowaomba.