Tone Juu ya Tone

Anayedhani ubongo hukumbuka bila kazi, na asikie habari ya sisimizi.

Masika yalipokaribia, sisimizi walihamishia mayai ya Malkia kwenye ufa wa jiwe la mbali, wakawa wanakwenda kila siku kuyalamba yasiote ukungu. Kila aliyepita aliacha tone la harufu juu ya tone la mwenzake. Waliotangulia walikufa, njia ikabaki.

Aliyeshika zamu ya mbele alikuwa Rudia, mzee asiyechoka. Alipozidiwa na ugonjwa alimwita mdogo wake Upesi, aliyewashinda wote kwa mbio.

"Mdogo wangu, harufu haikai siku mbili. Usipite bila kudondosha."

"Dada, nani asiyeijua njia hii? Mimi naijua kwa ghibu."

"Hata hiyo ghibu ni matone. Kichwani mwako chembe ndogo hupokezana habari vivyo hivyo, chembe ya zamani ikifa, mpya imeshapokea. Zikinyamaza, umesahau."

Rudia akafa. Upesi akaona kudondosha kunamchelewesha, akaacha. Wenzake walipoona anavyowahi, wakamsifu, kisha wakamwiga.

Siku ya tatu walifika njia panda, wakanusa, hapakuwa na kitu. Upesi akashika kulia, akarudi, akashika kushoto. Walizunguka hadi jioni ndipo wakarejea nyumbani.

Malkia aliuliza kama alivyouliza kila jioni, "Wanangu wameshindaje?"

Upesi akainama. "Mama, juzi nilikuwa naijua njia."