Mwenyekiti Asiye na Ufunguo

Vuli ya mwaka 1987 ilileta siku kumi na tisa tu za mvua. Siku ya kwanza, Digidigi, mwenyekiti kijana wa klabu ya kilimo, alimwomba Nyani, mlezi wa klabu, ufunguo wa ghala la mbegu.

"Mgeni rasmi hajaja kuzindua upandaji," alijibu Nyani.

"Mzee, na mvua itamsubiri?"

"Uenyekiti ni wako, mwanangu. Ufunguo ni wangu."

Siku ya ishirini Tembo, mgeni rasmi, aliwasili, akakata utepe vumbini, kisha akauliza kwa nini shamba lilikuwa tupu.

"Mwenye mamlaka ni mwenyekiti," alisema Nyani. "Muulize yeye."

Digidigi alivuliwa uenyekiti kwa uzembe. Njaa iliyofuata iliua wanachama thelathini na mmoja kati ya arobaini.