Ukuta Kando ya Dohani

Fundi alipobandua plasta yenye ufa kando ya dohani, bomba la moshi la nyumba, Hester alifumba macho. Nyumba hii ya matofali mekundu ilikuwa imesimama shambani miaka mia tatu, na leo alisubiri kuambiwa haifai tena kukaliwa.

"Mama, hebu njoo uone. Kuna mtu amenitangulia."

Nyuma ya ufa, matofali yalikuwa yamepangwa upya kwa chokaa, safu kwa safu, na chuma kinene kimeushika ukuta.

"Nani kafanya kazi hii? Bila yeye, ukuta ungekuangukia zamani."

Hester alikumbuka kiangazi cha mwisho cha marehemu mumewe. Kutwa alijifungia humu na kikohozi chake, akitoka mweupe kwa vumbi kama msagaji unga, akidai anaziba matundu ya panya. Naye Hester alimgombeza kwa kuchafua zulia.

Kwenye chokaa zilibaki alama za dole gumba, kila kiungo cha matofali kimelainishwa kwa mkono.

Hester akabandika dole gumba lake kwenye mojawapo. Lilizama humo kama mtoto kitandani mwa babaye.

"Mzee mwongo wewe," akasema, akicheka huku analia. "Asante."

Fundi akanyanyua mwiko. Hester akamshika mkono.

"Hapa usipake kitu."