Bima ya Gus

"Mbwa hana nyonga za dhahabu," Lyle alisema huku akichomoa mwiba wa samaki mdomoni. "Zikioza, zimeoza."

Corinne hakubishana. Aliisogeza simu yake karibu na sahani ya mumewe, aione vizuri bei ya bima: dola sitini na nane kwa mwezi. Chini ya meza Gus, mbwa mkubwa wa rangi ya chokoleti, alikuwa ameulalia mguu wa Corinne.

Ilikuwa Jumapili mchana, theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka mjini Duluth, na mpira ulikuwa karibu kuanza. Marlys, dada yake Lyle, alikuwa amekuja na bakuli la viazi vya kuoka ili autazame mchezo kwenye televisheni kubwa ya kaka yake. Corinne angeweza kungoja mgeni aondoke kwanza. Hakungoja.

"Mbwa wa aina hii nyonga zao huharibika," alisema. "Upasuaji ni dola elfu saba kila upande. Bima inalipa, ila lazima ikatwe kabla hajaanza kuchechemea. Akishachechemea, hawamtaki tena."

"Wajanja hao," Marlys alisema. "Wanamtaka akiwa mzima, akiugua wanamkimbia. Kama mume wangu."

Lyle hakucheka. "Hesabu pesa hizo kwa miaka kumi. Hiyo ni pikipiki ya theluji. Na akiugua, nina bunduki. Risasi moja ni bei gani?"

Mkono wa Corinne ulishuka chini ya meza, ukakaa juu ya kichwa cha mbwa. Sauti yake haikubadilika. "Inalipia pia kukandwa misuli. Na kuogelea kwenye maji ya moto. Na daktari wa wasiwasi, kama mbwa ana huzuni."

"Daktari wa nini?"

"Wa wasiwasi."

"Mimi mgongo unaniuma mwaka wa tatu sasa. Umewahi kunipeleka kwenye maji ya moto?"

"Wewe hujachechemea bado," Marlys alisema, akajipakulia viazi.

"Nyamaza wewe. Umekuja kula au kusema?"

"Vyote viwili. Wifi, achana naye. Huyu hajawahi kupenda mnyama. Alipoachana na Denise, mke wake wa kwanza, alimgombania kasuku wa mwenzake mpaka mbele ya jaji. Akampata. Wiki ya pili akampa fundi bomba."

"Denise alikuwa anampenda yule ndege," Lyle alisema, na kwa mara ya kwanza mchana ule akatabasamu. "Kwa nini nimwachie?"

Corinne alikunja kitambaa chake cha kufutia mikono mara mbili, akakiweka kando ya sahani.

"Shida ni kwamba siwezi kuikata peke yangu," alisema. "Kule kwenye kituo cha mbwa walioachwa ulimchukua wewe, kabla hatujaoana. Jina lililoandikwa ni lako. Mwenye mbwa ni wewe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ukubali, niweke jina lako na kadi yako ya benki. Usipokubali ni sawa. Ila siku akipasuliwa, bili ya elfu kumi na nne itamtafuta mwenye mbwa."

Lyle aliweka uma chini. Shingo yake ilikuwa imeanza kuwa nyekundu.

"Mwenye mbwa, mwenye mbwa. Nani anamlisha? Nani anaokota mavi yake uani kila asubuhi kama kichaa? Mbwa ni wako, bibi. Nyonga zako, mavi yako, bima yako. Mimi simo."

"Unasema hivyo leo. Kesho utasema hukusema."

"Nimesema."

"Ndivyo unavyofanya siku zote, Lyle. Unasema mbele ya watu, kisha unageuka. Hata dada yako anakujua."

"Hapo hajakosea," Marlys alisema huku mdomo umejaa.

Maneno hayo yalimchoma. Lyle alikisukuma kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta, akatoa simu mfukoni, akaanza kuandika kwa vidole vyake vinene, huku akisoma kwa sauti ili wanawake wote wawili wamsikie.

"Mimi, Lyle Haugen, nimempa Corinne mbwa anayeitwa Gus. Mzima au kilema, ni wake moja kwa moja. Simtaki, simdai, na senti yangu haitamgusa. Asinisumbue tena."

"Weka na tarehe," Marlys alisema, "kama wakubwa wanavyofanya."

Akaweka tarehe. Simu ya Corinne ikatetemeka kando ya sahani.

"Umeipata?"

"Nimeipata."

"Haya, kamkatie bima yake. Ukimaliza, jikatie na wewe. Sijui nani atakutaka ukianza kuchechemea."

Alichukua bia mbili kwenye friji, akampa dada yake moja, wakaenda sebuleni. Televisheni ikawashwa. Lyle akaongeza sauti mpaka vikombe vikatetemeka kabatini.

Corinne aliondoa sahani mezani, akaziosha moja moja, akazipanga zikauke. Kisha akakaa sakafuni jikoni, mgongo kwenye kabati, na Gus akaja akaweka kichwa chake kizito mapajani mwake.

Bima ya Gus alikuwa ameshaikata tangu Agosti, kwa jina lake na kwa mshahara wake. Aliufungua ujumbe wa Lyle, akautuma kwa wakili wake, na chini yake akaandika: "Mbwa nimempata. Kesho mpelekee zile karatasi za talaka."