Mstari wa Tatu

Mahundi, fundi wa mabango, alipanda ngazi akaanza kufuta kwa rangi nyeupe mstari wa tatu ukutani mwa zahanati: HUDUMA YA KUJIFUNGUA.

"Kwani tumekosa nini, sista?"

"Wilayani walitaka wazazi ishirini wajifungulie hapa mwezi ule wa masika, fundi," muuguzi alijibu. "Tulipata kumi na tisa. Sasa wajawazito watavuka mto kujifungua."

Brashi ikamganda mkononi. Mwezi huohuo mkewe alijifungulia nyumbani, kwani kwao mjukuu wa kwanza hupokelewa na bibi yake. Mtoto hakulia.

Alipaka tena, na tena, kama anayemziba mtu mdomo. Herufi bado zilionekana.

Mwanamke mwenye mimba kubwa akasimama chini ya ngazi, akazisoma, akaingia ndani.