Magauni ya Idi

"Shilingi kumi na mbili kila gauni, mwanangu. Chini ya hapo nitakuwa nashona bure," alisema fundi katika kiduka chake cha Ndia Kuu, wala hakuinua macho kwenye cherehani.

Swabaha alipiga hesabu upesi kichwani. Wanafunzi wenzake walikuwa wamemwagiza magauni ya Idi, naye alikwisha kuwaahidi kila moja kwa shilingi kumi, faida yake ikiwa humo humo.

"Nipunguzie, ami. Nikirudi shuleni na bei hiyo, hakuna atakayeniamini tena."

Fundi alitikisa kichwa. Swabaha akaanza kulikunja gauni la mfano alilokuja nalo, machozi yakimlengalenga.

"Hebu, lilete hapa."

Fundi alipitisha kidole gumba kwenye tundu la kifungo, polepole, akilizunguka. Uzi ulikuwa umebanana vizuri, hauna hata kifundo.

"Nani kashona matundu haya?"

"Mimi, kwa mkono."

"Basi haya ndiyo yanayonilia wakati. Shona wewe matundu yote, nami nitakufanyia kwa shilingi nane."

Swabaha alishusha pumzi ndefu iliyoishia kwenye kicheko. Akavua viatu, akaketi mkekani.

"Nipe sindano, ami."